Flutter au React Native? Subirini Kwanza

Juzi nimekaa kwenye kikao cha mfumo wa duka la dawa. Vijana wakabishana saa nzima chombo kipi kiandikie programu moja ya simu na kompyuta: Flutter au React Native? Mwenye duka, mama wa watu, kimya. Mwishowe akauliza kwa upole, "Wanangu, na mtandao ukikata?" Wakamjibu kwamba hilo litashughulikiwa baadaye. Baadaye lini, mteja yuko dirishani na cheti cha daktari mkononi?

Programu ya kutumika kwenye Windows, Android na iPhone haianzi na vitufe. Inaanza na data: inakaa wapi, na itatokaje siku chombo chako kikifa. Maana kitakufa. Borland walileta Kylix mwaka 2001 ili watu wa Delphi, chombo chao cha kuandikia programu za Windows, waandike na za mfumo wa Linux. Itaje leo uone nani anaikumbuka. Mwaka 2007 Microsoft wakatangaza kwamba Visual FoxPro, chombo chao cha programu za hifadhidata, haina toleo jingine. Xamarin, chombo cha programu za simu kilichopigiwa tarumbeta kweli kweli, msaada wake ulikoma tarehe 1 Mei 2024. Waliotegemea huduma ya MongoDB ya kusawazisha data za Realm, hifadhidata ya kwenye simu, nao walifungiwa mlango Septemba 2025. Wanaotangaza ni wao, wanaokesha kuhamisha data ni sisi.

Sasa iangalie SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya programu yenyewe. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, ni bure kabisa, na waundaji wake wamesema watai­tunza mpaka 2050. Data yote imo kwenye faili moja. Ukilitoa kwenye Android ukalipeleka Windows au Mac, linafunguka vilevile. Flutter, React Native, Delphi, Python, Java, zote zinalisoma. Masharti yako ya msingi, kwamba bei haishuki chini ya sifuri na dawa haiingii bila namba ya bechi, yaandike ndani ya majedwali yenyewe kwa CHECK na NOT NULL, maneno yanayoiambia hifadhidata ikatae thamani mbovu na nafasi tupu. Hapo Flutter anakuwa mpangaji tu. Akihama, nyumba ipo.

Haya, shingo upande nakubali: Flutter inapendeza, na SQLite peke yake haitakusawazishia simu mbili. Lakini dawa ya hilo haiko kwenye chombo. Usitunze "zimebaki boksi 12". Andika kila mauzo na kila mzigo ulioingia kwenye mstari wake, wenye UUID, yaani kitambulisho kirefu kisichojirudia, siyo namba 1, 2, 3 ambazo simu zote mbili zitazitoa. Mtandao ukirudi, mistari inaunganishwa na salio linapigwa upya. Simu zikiandika salio lenyewe, moja itafuta la nyingine, na atakayeulizwa hela ziko wapi ni binti wa kaunta.

Kasi? Kwa duka, simu ya bei chee inatosha. Lugha? Ile timu yako inayoijua.

Na kabla ya kumwonyesha mteja skrini zenu nzuri, zimeni mtandao, uzeni kwenye simu mbili, muwashe, muone. Onyesho la kwenye Wi-Fi ya ofisini hata mimi nalifaulu.