Mita 174 hadi kwenye mwamba mtupu

Ukisimama katika chumba cha mazishi cha Seti wa Kwanza, mfalme wa Misri ya kale, katika Bonde la Wafalme, chini ya dari ya buluu iliyokolea yenye nyota zilizochorwa kwa maumbo ya watu na wanyama, utadhani umefika mwisho. Bado. Pale lilipokuwa jeneza la alabasta, ambalo Belzoni, mpelelezi Mwitaliano, alilikuta mwaka 1817 na sasa liko London, panaanzia handaki linaloteremka zaidi.

Handaki hilo liliwanyima watu usingizi. Sheikh Ali Abdel-Rasul, wa ukoo uleule ulioligundua ficho la maiti za wafalme, Seti akiwa mmoja wao, aliamini kwamba huko chini kuna hazina. Miaka ya 1960 akachimba zaidi ya mita 100 kabla ya kukata tamaa. Mwaka 2007 timu ya Zahi Hawass, mwanaakiolojia wa Misri, ikairudia kazi, na 2010 ikafika mwisho: mita 174, kisha mwamba. Hakuna chumba. Inaelekea mfalme alikufa mafundi wakiwa bado kazini.

Je, ilistahili? Wanaopinga wana hoja nzito, maana kaburi hili limeshaumizwa na wadadisi. Belzoni alikifukia kisima cha njiani ili apate kupita kwa urahisi, kumbe ndicho kilichokuwa kikinasa maji ya mafuriko. Mvua iliponyesha, maji yakaingia hadi ndani. Akagandamiza nta ukutani kupata nakala, rangi ikabanduka. Champollion, Mfaransa aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale, naye akakata kipande kizima cha ukuta, kikaenda jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Ukiwa na historia hiyo, kuuondolea mlima kifusi kwa miaka mitatu si jambo la kuchekea.

Hata hivyo, mimi nipo upande wa wachimbaji. Humo walikuta vijisanamu vya shabti, vilivyozikwa na maiti ili vimtumikie, na maandishi ya msimamizi akiwaagiza mafundi wainue mwimo wa mlango na kuipanua njia. Basi, agizo la kazi tu, kama lile ambalo fundi mkuu yeyote huliandika kwa penseli kwenye plasta. Kwangu hilo lina thamani kuliko dhahabu ya Sheikh Ali. Na kilichoondolewa kilikuwa kifusi.

Kwa kaburi la Tutankhamun, mfalme mwingine wa Misri, siungi mkono uchimbaji. Mwaka 2015 mwanaakiolojia Nicholas Reeves alidai kwamba nyuma ya ukuta wa kaskazini wa kaburi hilo huenda amelala Malkia Nefertiti. Vipimo vya rada vikapingana, hadi 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Turin waliposema hakuna vyumba. Wapo wasioridhika, wanaotaka hata kitundu kidogo tu. Lakini kwenye ukuta huo amechorwa Ay, aliyemrithi Tutankhamun, amevaa ngozi ya chui, akimfungua kinywa mfalme aliyekufa katika ibada ya mazishi. Anayetaka kutoboa aanze kwanza kutuonyesha njia isiyopita kwa Ay.