Wiki Nzima Nanyuki na Mlima Hatukupanda

Wacha niseme mapema ndo tusisumbuane huko mbele: tulienda Nanyuki, ule mji wa chini ya mlima Kenya, mimi na bwanangu Baba Kui, tukakaa siku saba, na mlima hatukupanda. Hata geti ya mbuga hatukufika. Tangu turudi hii Nairobi kila mtu tukikutana swali ni lile lile, "Mlifika Lenana?", na nikisema hapana ananiangalia vile unaangalia mtu ametoka harusini bila kula.

Sasa Lenana, kile kilele cha mlima Kenya watu wengi hupanda, iko mita 4,985. Kupanda na kushuka watu wengi wanachukua siku nne au tano, unatembea kichwa kinauma, usiku maji yanaganda kwa chupa, na ile siku ya kufika juu unaamshwa saa nane za usiku. Hiyo ni kazi bana. Ni kazi nzuri, na wenye wanaiweza nawapigia makofi, lakini mtu asiniambie hiyo ni mapumziko ya mke na mume wenye wamechoka, wenye kwa nyumba wanaongea tu kuhusu fii ya shule na gesi imeisha.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watakasirika: sisi watu wa Nairobi hatujui kupumzika, na mwenye ametuharibu ni wikendi. Sheria ya kazi ya 2007 inasema ukimaliza mwaka una haki ya siku 21 za likizo, siku za kazi, na mshahara unalipwa. Ishirini na moja! Sasa jiulize zako zilienda wapi. Zangu nazijua, mbili matanga, moja kwenda kuona mwalimu wa Kui, tatu kusimamia fundi, nne ushago kwa kina mama, zingine sijui, zimeisha tu kama salio la simu. Halafu tunajifariji na wikendi moja ya kukimbia, Ijumaa jioni mnaondoka na watu wote wa Thika Road, mnafika usiku mmekasirikiana, Jumamosi ni kupiga picha, Jumapili saa nne mnafunga mabegi. Hata treni ya Nanyuki, ile ilirudishwa mwisho wa 2020, tulipoulizia tukaambiwa inaenda Ijumaa inarudi Jumapili. Yaani hata reli inajua hatutakaa.

Mama mkwe tulipomwambia tunamletea watoto wiki nzima, aliuliza kwanza nani anaumwa. Nikamwambia, "Mama, hakuna mtu anaumwa, tunaenda kupumzika." Akanyamaza kidogo. "Mmechoka na nini?" Sikuwa na jibu la kumpa mwanamke alilea watoto sita na ng'ombe watatu, nikacheka tu, yeye hakucheka, lakini watoto aliwachukua na hilo ndo la maana.

Pesa, nijibu haraka kwa sababu najua mnaulizia hapo. Zile hoteli kubwa za huko sikuzigusa, kuna moja ilianzishwa kama klabu na mwigizaji wa Marekani William Holden na wenzake mwaka wa 1959 na mpaka leo ukiangalia bei unafunga simu polepole. Tulipata kajumba ka mbao nje ya mji, chumba kimoja, jikoni, na meko ya kuni ukutani. Mwenyewe alitaka 4,500 kwa usiku, nikamwambia tunakaa saba na siku tano kati ya hizo ni za katikati ya wiki penye hana mteja, tukaelewana 3,500. Jumla 24,500. Mwaka uliopita usiku mbili tu kwa hoteli moja sitaitaja zilitutoa 36,000 na maji ya moto ilikuwa ni bahati yako. Najua 24,500 si pesa kidogo, kuna mwenye hiyo ni rent ya miezi miwili, huyo simwambii kitu. Naongea na sisi wenye tuko nayo na tunaimaliza kwa wikendi mbili za kukimbizana.

Siku ya kwanza na ya pili sisi tulikuwa bado Nairobi. Mwili ulikuwa Nanyuki lakini Baba Kui saa kumi na dakika arobaini asubuhi macho wazi, kwa sababu hiyo ndo saa yake ya kuwahi gari la Industrial Area, anakaa kitandani anaangalia simu, ananiamsha kuniambia kuna mtu kazini ametuma meseji na yeye hatajibu. Sasa kama hujibu unaniambia ya nini. Na mimi sikuwa bora. Nilikuwa nimeandika ratiba kwa simu, Jumatatu Ol Pejeta kuona wanyama, Jumanne msitu wa Ngare Ndare kutembea ile daraja ya juu ya miti, Jumatano mapango ya Mau Mau, Alhamisi sijui nini, kila siku ina kitu na kila kitu kina saa. Jumapili jioni nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza, "Mama Kui, hii ni likizo ama ni semina?"

Tuligombana, sitaficha. Tuligombana kuhusu ratiba, tukaingia kwa nani hufanya nini nyumbani, tukaishia kwa sukumawiki kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo jikoni nakata sukuma kwa likizo yangu mwenyewe. Dada zangu, sikizeni hapa. Nyumba yenye jikoni ni mtego. Unaona ni bei nafuu, tutajipikia, lakini hiyo "tuta" ni nani? Usiku huo tukakubaliana, asubuhi chai na mayai ni yake, mchana tunakula mjini kwa kibanda, jioni ni viazi na mahindi ya kuchoma hapo kwa moto na mwenye njaa ndo anachoma. Ratiba nikaifuta yote nikabakisha Ol Pejeta.

Siku ya tatu ilinyesha na ilikuwa boring, nakubali. Tulilala mchana kama watoto wa nasari.

Halafu siku ya nne tukaona mlima. Hii ndo mtu wa wikendi hujua kidogo sana, mlima Kenya si kitu kimewekwa hapo kikungoje. Asubuhi kabla jua halijakaa vizuri uko wazi kabisa, lakini jua likishapasha ile miteremko hewa yenye unyevu inapanda, inapoa, inakuwa mawingu, na ikifika saa nne hivi mara nyingi umeshajifunika kama bibi arusi. Kwa hivyo mtu amefika Ijumaa usiku, Jumamosi ameamka saa nne na kichwa kizito, Jumapili anafunga mabegi, anarudi Nairobi anasema Nanyuki ni mji tu wa kawaida. Sisi siku hiyo Baba Kui aliamka kwa ile saa yake ya Industrial Area, akatoka nje na blanketi, nikasikia ananiita kwa sauti ya chini kama mtu ameona swara. Batian na Nelion, zile ncha mbili kali za juu kabisa, zimesimama zimekaribiana, mita 5,199 na 5,188, nyeusi kwanza, halafu rangi ya chungwa, halafu ikawa tu asubuhi. Barafu ilikuwa kidogo sana. Mama mkwe husema walipokuwa wadogo ilionekana nyeupe kutoka Nyeri, na si kuzeeka anazeeka, barafu ya mlima huu imekuwa ikiyeyuka miaka na mikaka. Tulikaa hapo nje karibu masaa mawili na nusu, chai ikapoa tukapasha, ikapoa tena. Hakuna mtu alitoa simu.

Kuna hadithi ya kweli ya huko naipenda. Mwaka wa 1943 Waitaliano watatu, wafungwa wa vita kwa kambi ya Waingereza hapo Nanyuki, walikuwa wakiuangalia huo mlima kila siku kupitia waya mpaka wakachoka kukaa bure. Wakatoroka na vifaa vya kupandia walivyojitengenezea wenyewe, wawili wakafika Lenana wakasimamisha bendera yao, halafu wote wakashuka wakarudi wenyewe kambini kufungwa. Nikimwambia Baba Kui akasema hao ndo watu wa wikendi.

Ikweta tulienda, pale kwa bango kusini ya mji. Vijana wana beseni lenye tundu na kijiti, wanakuonyesha maji yakizunguka upande huu ukiwa kaskazini, upande ule ukiwa kusini, na katikati hayazunguki. Baba Kui ni mtu wa mitambo, akataka kumwaga maji mwenyewe, na yakazunguka penye yeye alitaka. Kusema ukweli hiyo nguvu ya kuzunguka kwa dunia ipo, inageuza upepo na vimbunga, lakini kwa beseni ni ndogo mno, kinachoamua ni vile umemwaga. Kijana hakuvunjika moyo hata kidogo, akatwambia "mzee, lakini umefurahi ama hujafurahi?" Tukamlipa.

Na Ol Pejeta tulienda kuwaona Najin na Fatu, wale vifaru weupe wa kaskazini, wawili pekee waliobaki duniani nzima, mama na binti yake. Sudan, babake Najin, alikufa Machi 2018 na hapo dume wakaisha. Wanasayansi wanajaribu kutengeneza viinitete kwa mayai ya Fatu na mbegu zilizohifadhiwa za madume, vibebwe na vifaru jike wa kusini. Najin walimtoa kwa huo mpango wa mayai 2021 kwa sababu ya umri. Nilimwangalia akila nyasi, mkubwa, hana haraka, nikasema huyu mama angalau livu yake amepewa.

Lakini kitu chenye nilitaka kuwaambia kilitokea siku ya tano, na hakikuwa na tiketi. Tulikuwa kwa moto, viazi vimeungua upande mmoja, hatuongei kitu. Wikendi huwezi kufika hapo kwa kunyamaza hivyo, kwa sababu wikendi mkinyamaza unadhani mnapoteza pesa. Sasa tumenyamaza hata nusu saa, halafu Baba Kui akasema tu, bila kuniangalia, "Ile ploti ya Kamulu mi huwa siipendi."

Nikadhani nimesikia vibaya. Tumelipia hiyo ploti kila mwezi miaka miwili na miezi minne. Nikamwambia, "Baba Kui, si ni wewe ulisema tuichukue?" Akasema alisema kwa sababu mimi nilikuwa naangalia picha za ploti kila usiku akajua ndo naitaka. Mimi nilikuwa naangalia picha kwa sababu yeye alikuwa analalamika kuhusu rent! Mimi Kamulu sijawahi kuitaka, nikienda huko naona tu vumbi na nyaya za boma, nilinyamaza nikidhani ni ndoto ya bwanangu nisiivunje. Miaka miwili na miezi minne watu wawili wanalala kitanda kimoja wanalipia kitu hakuna mwenye anakitaka. Tulicheka mpaka nikalia, halafu tukaongea mpaka kuni zikaisha, kuhusu ploti, na kuhusu mambo mengine ambayo sitaandika hapa.

Siku mbili za mwisho hatukufanya kitu kabisa. Tulitembea, tulikula samaki trauti wa huko, tulinunua soksi za sufu. Jumamosi tukapanda matatu, Karatina tukashuka dakika kumi nikabeba karoti na viazi za majirani na ndizi za mama mkwe, na tulipofika Makutano simu yake ikalia. Alikuwa ni jamaa wa ploti, anatukumbusha instolmenti ya mwezi. Baba Kui hakusema kitu, akanipa tu simu nisome, na vile tulicheka, mzee wa kiti cha mbele alivua kofia akageuka kutuangalia.