Lifti Iliyokwama Imetimiza Wajibu Wake

Juma lililopita nilikwama ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya saba, pamoja na watu wengine wanne, kwa muda wa dakika 40. Kukwama kwenyewe hakukuniudhi. Aliyeniudhi ni bwana mmoja mwenye suti nadhifu ambaye, kabla hata dakika tano hazijapita, alikuwa ameshatutangazia kwamba kamba zimo mbioni kukatika, kwamba hewa itatuishia, na kwamba yeye hana nia ya kufa kama panya mtegoni. Kisha akapenyeza vidole katikati ya milango na kuanza kuipanua kwa nguvu. Tulipomzuia alituita wajinga. Makala haya nayaandika kwa ajili yake, ingawa najua hatayasoma.

Wengi husema kwamba Elisha Otis, fundi wa Kimarekani, ndiye aliyebuni lifti, na katika hilo wamempa sifa isiyo yake. Kuinua mizigo kwa kamba na kapi ni kazi ya kale: Vitruvius, mwandishi wa Kirumi, aliandika habari za mitambo ya namna hiyo, na katika Colosseum ya Roma wanyama walipandishwa hadi uwanjani kwa nguvu za watumwa. Tatizo la karne zote hizo lilikuwa moja, nalo ni kwamba kamba ilipokatika, kila kilichokuwa juu kilianguka. Mwaka 1854, katika maonyesho ya Crystal Palace mjini New York, Otis alisimama juu ya jukwaa mbele ya umati, akainuliwa, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanasa.

Siri yake ilikuwa springi ya gari la farasi. Kamba ilipobeba uzito wa jukwaa, springi ilipindika. Kamba ilipolegea, springi ilijinyoosha na kusukuma ncha zake ndani ya meno ya chuma yaliyopangwa kandokando ya njia ya jukwaa. Mpangilio huo unastahili kutazamwa mara mbili. Mtu angetarajia kwamba hatari ikitokea, kitu fulani kitaamka na kuifunga breki. Otis aligeuza mambo: breki yake ilikuwa tayari kufunga wakati wote, na kamba nzima ndiyo iliyoizuia. Kamba ilipokatika, hapakuwa na jambo lolote lililobaki kufanywa.

Fikra hiyo ndiyo iliyomo hadi leo katika lifti tunazozilaani. Breki ya mota hukazwa na springi, na umeme huhitajika ili kuilegeza, kwa hiyo umeme ukizimika lifti hushikwa palepale ilipo. Kila mlango wa ghorofa una kufuli lenye swichi, na swichi moja tu ikipoteza mguso, mfumo wote wa usalama hukata umeme na lifti husimama, hata kama abiria wana haraka ya kufika mkutanoni. Mwendo wa kushuka ukizidi kiasi, kidhibiti mwendo, ambacho huzungushwa na kamba yake ya pekee, hubana kamba hiyo, nayo huvuta kabari za chuma zinazouma reli. Kwa maneno mengine, lifti ni chombo kilichofunzwa kusimama kila kinapoingiwa na shaka. Bwana wetu alikiita kibovu kwa sababu kilikuwa kimeingiwa na shaka.

Ama kuhusu kuanguka, hesabu yenyewe inachekesha. Uzani wa kusawazisha unaoning'inia upande wa pili wa kapi huwa mzito kama chumba cha lifti pamoja na karibu nusu ya mzigo wake wa juu kabisa. Sisi tulikuwa watano katika lifti ya watu 13. Kama breki ingeachia wakati ule, tungepanda. Hewa nayo haikuwa na haja ya kuishia popote, kwa kuwa chumba hicho kina matundu.

Kilichoweza kutuua ni vile vidole vyake. Chumba kikisimama kati ya ghorofa mbili, uwazi huweza kubaki chini ya sakafu yake, na mtu anayejitelezesha nje ili aifikie ghorofa ya chini huweza kurudi nyuma na kutumbukia katika shimo tupu. Tena lifti huweza kuondoka wakati nusu ya mwili wake ingali mlangoni. Mahali salama kuliko pote ni ndani, karibu na kitufe cha kengele, mdomo ukiwa umefungwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba lifti zimewahi kuanguka. Tarehe 28 Julai 1945, ndege ya kivita aina ya B-25 iliyopotea katika ukungu iligonga jengo la Empire State mjini New York na watu 14 wakafa. Betty Lou Oliver, mwendeshaji wa lifti aliyejeruhiwa, alipokuwa akiteremshwa kwa lifti, kamba zilikatika akaanguka ghorofa 75, na hata hivyo akapona. Kamba ya kidhibiti mwendo nayo ilikuwa imekatwa na ajali ile. Ilihitajika ndege ya kivita, basi.

Nakubali pia jambo lingine, na hili linaniuma zaidi. Fundi alipofika alikuta swichi ya kufuli la mlango iliyochakaa, kifaa kidogo ambacho kilistahili kubadilishwa zamani. Lifti ilifanya sawasawa kusimama. Mwenye jengo ndiye aliyezembea, naye ni wa aina ile ya watu wanaoona malipo ya fundi kuwa anasa mpaka siku watakapolazimika kupanda kwa miguu.

Alipokwisha kututoa, fundi alituomba tusubiri kidogo afunge kifaa kipya, kisha tushuke naye kwa lifti ileile. Wanne tulisubiri. Bwana wa suti alisema hawezi kuiamini tena, akashika njia ya ngazi, akiruka vidato viwili viwili huku macho yake yakiwa kwenye simu.