Kama hakuna anayelipwa, uwanja mkubwa una wenyewe kwa nini?

Taarifa ya mwaka ya klabu yetu ya michezo ya Kigaeli, yaani michezo ya jadi ya Ayalandi, ina kurasa kumi na nne, na tisa kati ya hizo ni za timu ya kwanza ya wanaume. Nilizihesabu nikiwa nimekaa nyuma ya ukumbi siku ya mkutano mkuu, koti sijavua, maana hita ya ukumbi ule huwaka inapojisikia. Timu hiyo msimu huu ilitolewa robo fainali ya kaunti. Timu ya wasichana wa chini ya miaka 16, anayochezea binti yangu, ilifika fainali ya daraja lake. Wamepewa aya moja, na jina la kocha wao limekosewa herufi.

Mimi mtoto wa Tanga. Nimekulia kwenye chandimu, na mpaka leo Simba na Yanga wakicheza sipokei simu ya mtu. Nilipohamia Ayalandi, kwenye mji mdogo wa kaunti ya Kildare, ni wanangu walionivuta kwenye michezo ya Kigaeli. Siku ya kwanza kuona harlingi nilidhani ni ugomvi uliotafutiwa refa: watu kumi na tano kila upande, wameshika fimbo za mti, wanakipiga kipira cha ngozi kikiwa hewani, nacho kinapita kwa kasi hata jicho linakipoteza. Mpira wa Kigaeli niliuelewa upesi zaidi. Unaushika kwa mikono, unakimbia nao, lakini kila hatua nne lazima uudundishe chini au uupige kwa mguu urudi mkononi. Milingoti ya goli ina umbo la H. Ukiupitisha chini ya mwamba umepata pointi tatu, ukiupitisha juu umepata moja.

Au ndivyo nilivyojua mimi. Mwaka 2025 walibadilisha kanuni: anayepiga akiwa nje ya tao la mita 40 na mpira ukapita juu ya mwamba, anapata mbili. Kanuni hiyo ilinikuta pabaya. Jumapili moja ya mvua timu yetu ya tatu ya wanaume ilikosa mtu wa kusimama kando ya goli, nami nilikuwa nimeshika kikombe cha chai tu, sina kazi. Nikavishwa koti jeupe, nikakabidhiwa bendera tatu. Kijani ya goli, nyeupe ya pointi moja, na ya rangi ya machungwa kwa hizo pointi mbili mpya. Nilipozilaza chini kwenye nyasi nikaona nimeitandika bendera ya nchi yao. Nikawa naichekea, na ndipo mtu akapiga shuti kutoka mbali, refa akanyoosha mkono juu kuashiria pointi mbili, mimi nikapunga nyeupe. Mzee mmoja nyuma ya goli alinifokea kwa ajili ya ile pointi moja kana kwamba nimempora shamba la babu yake. Refa akaja mbio, akanionyesha bendera kwa kidole kama mwalimu wa chekechea.

Siku ile nilielewa jinsi klabu hizi zinavyoendeshwa. Ukionekana umesimama bure, unapewa kitu cha kushika.

Na hakuna anayelipwa. Hili wageni wengi hawaliamini. Julai 2025 tulikaa sebuleni kuangalia fainali ya harlingi ya kaunti zote kutoka Croke Park, uwanja mkuu wa michezo hii, wa watu 82,300. Cork walikwenda mapumziko wakiongoza kwa pointi sita, wakarudi wakapata pointi mbili tu kipindi kizima cha pili, Tipperary wakawafunga 3-27 kwa 1-18, yaani magoli matatu na pointi 27 kwa goli moja na pointi 18. Mabingwa wale hawana mshahara wa uchezaji. Sherehe zikiisha mtu anarudi kazini kwake, benki, shambani au darasani. Wala hakuna dirisha la usajili la kununua mtu kwa mamilioni. Unachezea klabu ya kwenu na kaunti ya kwenu. Kwa mtu aliyezoea kuona mchezaji akivuka barabara kutoka Msimbazi kwenda Jangwani kwa sababu ya noti, hii ni ajabu ya pekee.

Sasa hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Kama mchezaji wa timu ya kwanza halipwi, na mama anayefundisha watoto wa miaka sita Jumamosi asubuhi halipwi, na mimi niliyeaibika na bendera silipwi, basi sisi sote ni wafanyakazi wa daraja moja. Iweje Jumanne na Alhamisi jioni uwanja mkubwa wenye taa uwe wa wanaume tu, mwaka hadi mwaka, na wasichana wasukumwe kwenye kile kiwanja cha nyuma kinachotuama maji?

Februari ilipofika zamu yetu ya kufua jezi, nilimwaga begi sakafuni jikoni. Jezi ishirini na nne, kila moja na kilo yake ya tope la kiwanja cha nyuma. Mashine ilizunguka mara nne, nguo tukaanika mpaka kwenye matusi ya ngazi, na kwa siku mbili nyumba ilinuka dimbwi. Jezi za wanaume wiki ileile zilikuwa na alama za nyasi tu. Ukitaka kujua klabu inampenda nani, tazama tope.

Mwenyekiti, mtu muungwana kwa kweli, ana jibu lake: timu ya kwanza ndiyo inayoleta watu getini na wafadhili. Sikatai. Lakini bahati nasibu ya kila wiki inayolipia taa hizohizo, nani anauza tiketi? Ni wazazi wa watoto wa chini ya miaka kumi, mlango kwa mlango, mvua isiwe kisingizio. Kambi ya watoto ya Julai iliujaza uwanja kuliko mechi yoyote ya wakubwa. Na kwenye Scór, mashindano ya klabu ya nyimbo, ngoma na hadithi yaliyoanzishwa 1969, waliokwenda kutuwakilisha ni watoto na bibi mmoja mwenye filimbi. Taarifa imewapa mstari mmoja na nusu.

Kosa si la klabu yetu pekee. GAA, chama mama cha michezo ya Kigaeli, kilizaliwa 1884 katika hoteli moja mjini Thurles. Kamogi, yaani harlingi ya wanawake, ikapata chama chake 1904, na mpira wa wanawake ukapata chake 1974. Hadi leo ni vyama vitatu, ingawa mpango ni kuungana ifikapo 2027. Nyumbani kwangu maana yake ni hii: mwanangu wa kiume nalipa usajili mmoja, binti yangu anayecheza kamogi na mpira nalipa miwili. Nembo kifuani ni ileile. Na mpaka Mei 2025, kanuni za kamogi ziliwalazimisha wasichana wavae sketi yenye bukta ndani. Ilibidi wachezaji wa Dublin na Kilkenny waingie uwanjani na bukta, wakaambiwa wakabadilishe au mechi isichezwe, ndipo nchi nzima ikashtuka. Tarehe 22 Mei mkutano maalumu ukapiga kura, asilimia 98 wakaruhusu bukta. Binti yangu mwenyewe hakujali sana, yeye siku zote huvaa taiti ndefu ndani, na mama yake hawezi kumruhusu vinginevyo.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mambo ndivyo yalivyo. Croke Park kwenyewe soka na raga zilipigwa marufuku mpaka kura ya 2005 ilipolegeza kanuni. Julai 2020, wakati wa korona, Waislamu wa nchi hii waliswali Idi ya Kuchinja pale pale kwenye nyasi. Niliitazama kwenye runinga na kanzu yangu nimevaa, nikiwaza kwamba mwaka 1920 askari wa Uingereza waliwapiga risasi watu katika uwanja huohuo, wakafa kumi na wanne, mchezaji Michael Hogan akiwa mmojawao. Kama ule umeweza kufunguliwa, sembuse kiwanja chetu chenye maegesho ya magari thelathini.

Basi nikanyoosha mkono mkutanoni. Nikasema ratiba igawanywe upya: Alhamisi moja wanaume, Alhamisi inayofuata wasichana. Na taarifa ya mwakani ianze na watoto wa miaka mitano, timu ya kwanza iwe ya mwisho. Ukumbi ukatulia. Mtu akakohoa. Mwenyekiti akaniangalia kwa upole, akauliza kama kuna anayeunga mkono nichaguliwe katibu wa ratiba ya viwanja. Mikono yote ikapanda juu, hata ya yule mzee wa nyuma ya goli.

Funguo za geti sasa ziko kwangu, juu ya friji. Ratiba ya Januari inatakiwa Ijumaa, na kocha wa wanaume ameshanitumia ujumbe mara tatu.