Kifaranga Kwenye Karatasi Yangu ya Alama

Zamani, kwenye mchezo wetu wa kuteleza na kuruka barafuni, ukishindwa, ulishindwa kwa heshima zako. Unatoka barafuni unahema, unakaa benchi, kocha anakutupia koti mabegani, ubaoni zinatokea namba, ya juu kabisa ikiwa 6.0: 4.7, 4.9, 4.8, na moja 5.2 ya jaji mwenye huruma. Unatikisa kichwa. Kocha naye anatikisa kichwa. Ukifika nyumbani unasema neno moja tu, "Wamenionea," na nyumba nzima iko upande wako, hata wale ambao hawajui kiatu cha barafu kinavaliwa mguu gani. Maisha yalikuwa matamu, jamani.

Siku hizi ukishindwa unapewa karatasi.

Mimi ni wa zamani kwenye mchezo huu. Nimeanza enzi za kuchora nane barafuni, kabla hawajaziondoa kwenye mashindano ya dunia baada ya 1990. Vijana wakisikia hivyo wanadhani natania. Unasimama mguu mmoja, unachora nane, halafu unapita tena juu ya mstari uleule, kisha majaji wanakuja wameinama kukagua michirizi kama watu waliodondosha hereni. Hakuna muziki, hakuna makofi. Mtazamaji ni mmoja, mama yako, naye kasinzia. Nikajiambia hakuna mateso yatakayozidi haya. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Sisemi utaratibu ule wa 6.0 ulikuwa haki. Ukipangwa wa kwanza kuingia, umekwisha kabla hujafunga kamba za viatu. Jaji anabana alama, maana nyuma yako kuna watu ishirini, akikupa 5.8 saa hizi, wa mwisho atampa nini? Namba yenyewe haikuwa na maana kubwa, kilichotafutwa ni nani yuko juu ya nani. Lakini ulikuwa uonevu mwepesi kuelewa. Mtu unauchukua, unaubeba, unazeeka nao.

Halafu 2002, kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, wakubwa wakatibuana. Jozi ya Urusi, Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze, wakapewa dhahabu. Jozi ya Kanada, Jamie Salé na David Pelletier, wakapewa fedha. Ukumbi ukazomea, jaji wa Ufaransa akasema alishinikizwa, mwisho wa yote ikatolewa dhahabu ya pili ili kila mtu alale. Wapiganapo tembo ziumiazo nyasi, na nyasi ndiyo mimi. Mwaka 2004 shirikisho la kimataifa, ISU, likapitisha utaratibu mpya: kila mruko una bei yake, kila mzunguko una ngazi yake, kila kosa lina herufi yake. Kama duka vile, ila mimi ndiye ninayeuzwa.

Kilichoniuma kwanza ni ile 6.0 yenyewe. Mwaka 1984, kwenye Olimpiki ya Sarajevo, jozi ya Uingereza, Jayne Torvill na Christopher Dean, walimwagiwa 6.0 kumi na mbili kwenye ngoma yao moja, dunia ikalia machozi. Sita kamili! Kilele cha binadamu! Nafungua jedwali jipya la 2004, natafuta mruko wa Lutz wa mizunguko mitatu, nakuta bei yake: 6.0. Mruko mmoja. Hata sekunde moja hewani haimalizi. Nikafunga jedwali, nikaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Na laana nayo wakaitoa mikononi mwetu. Kwa miaka mingi, hadi 2016, majina ya majaji hayakuambatana na alama walizotoa. Unaona safu tu za namba. Sasa mtu unamlaani nani? "Ee Mungu, mwone safu ya tatu"? Tena alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, zinazobaki ndizo zinapigwa wastani. Wanasema ni kuzuia upendeleo. Sawa. Lakini kwangu mimi jaji anayenipenda ni mmoja tu, nimemtafuta miaka thelathini, na ndiye anayetupwa!

Basi nikapata kocha mpya, binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Ana adabu, ananiita mzee wangu, lakini adabu yake ina meno.

"Mzee wangu, hapa kwenye kuzunguka tunataka ngazi ya nne."

"Mimi nazunguka vizuri tu."

"Unazunguka vizuri, ila hakuna kinachotokea."

Hakuna kinachotokea! Nageuka kama pia, kichwa kinaniuma, ukuta unapita mara kumi, hakuna kinachotokea. Akanieleza: ngazi inapanda ukibadili makali ya chuma cha kiatu katikati, ya nje au ya ndani, ukikaa mkao mgumu, ukishikilia mkao mmoja mizunguko minane bila kuyumba. Au, akasema huku akijinyoosha kama paka, ushike chuma cha kiatu kwa nyuma, uuvute mguu mpaka juu ya kichwa, kama Denise Biellmann, yule Mswisi bingwa wa dunia wa 1981. Nikamwambia mwanangu, mguu wangu na kichwa changu hawajaonana kwa karibu tangu nikiwa mchanga, na hata wakati ule nadhani walikutana kwa bahati mbaya. Tukakubaliana nizunguke nimechuchumaa. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi nikachutama mizunguko minane, na kuinuka ikawa shughuli nyingine ya kujitegemea.

Siku ya mashindano sikuanguka hata mara moja. Naomba hilo liandikwe. Watu wazima wenzangu walilala barafuni kama magunia, mimi nikasimama mwanzo mwisho, nikapunga mkono, nikaenda kukaa nikijua kazi imeisha. Karatasi ikatoka. Nikatafuta miwani.

Kwenye karatasi hiyo kila kitu ulichofanya kina mstari wake, na pembeni mwa mistari yangu kulikuwa na vijidudu. Kimoja kinafanana na mdomo wa kifaranga uliofunguka, "<". Binti akasema hicho maana yake mruko haukumaliza kuzunguka, umepungukiwa zaidi ya robo. Ukipungukiwa nusu au zaidi, wanakuja vifaranga wawili. Ukipungukiwa robo kamili, inakaa herufi "q". Nikauliza wamejuaje? Kuna jopo la ufundi, watu na mashine ya video, wanakurudisha polepole mpaka waone ncha ya chuma ilivyogusa barafu. Polepole! Mwendo ule hata malaika angeonekana anachechemea.

Lakini kifaranga nilimvumilia. Kilichoniangusha ni herufi moja ndogo, "e", kwenye Lutz yangu.

Lutz, kwa asiyejua, unairuka ukienda kinyumenyume ukiegemea makali ya nje ya kiatu. Ukiteleza dakika ya mwisho ukaegemea makali ya ndani, hiyo si Lutz, ni mruko mwingine kabisa uliovaa nguo za Lutz, na ndiyo maana ya "e". Nikabisha. Nikamwambia Lutz ni mruko wangu tangu ujana, ndiyo ulionipa jina, watu walikuwa wakiungoja. Akatoa simu, akanionyesha video ya siku ile. Makali ya ndani. Nikaenda nyumbani nikachimbua mkanda wa zamani, nikahangaika kutafuta mtu mwenye mashine ya kuuchezea. Nina nywele kichwani, nina kiuno, naruka kama swala. Makali ya ndani. Mkanda mwingine, makali ya ndani. Miaka thelathini! Ni kama kufungua cheti cha ndoa uzeeni ukakuta jina la bibi harusi ni la jirani.

Na majaji wote wale wa 4.8 na 4.9, kumbe hawakunionea. Walikuwa wananisitiri.

Nikampelekea mke wangu malalamiko, ile "wamenionea" yangu ya siku zote. Akanyoosha mkono: "Lete karatasi." Akaisoma juu mpaka chini akifuata kwa kidole. "Hapa umepewa hasi mbili, hapa hasi moja, hapa kuna mdomo wa ndege." Akanirudishia. "Aliyekuonea mbona simwoni?"

Tena hizo hasi nazo zina historia. Mwanzoni ubora wa kila kitendo ulipimwa kuanzia hasi tatu hadi chanya tatu. Msimu wa 2018 wakaongeza, sasa ni hasi tano hadi chanya tano, yaani wameona ngazi tatu za kunichukia hazitoshi. Upande wa sanaa kulikuwa na vipengele vitano. Ndiyo kwanza nimevikariri, 2022 wakavipunguza vikawa vitatu. Na hili la kuanguka nalo, mtu anifafanulie taratibu. Kijana naruka naye kwenye televisheni, yeye hewani mimi kwenye kochi: mruko rahisi kuliko yote ya mizunguko minne, bei 9.5 kwenye jedwali lile la 2018. Anaanguka kifudifudi. Wanakata nusu, wanatoa na pointi moja ya kuanguka, anabaki na 3.75. Mimi Lutz yangu ya mizunguko miwili, nikiitua nimesimama wima kama nguzo, ni 2.1. Yeye kalala, mimi nimesimama, yeye kanizidi. Mke wangu akasema basi na wewe anguka. Nikamwambia kuanguka najua sana, tatizo ni ile mizunguko minne kabla yake.

Miezi saba nikafanya kazi ya makali ya nje. Saba! Asubuhi barafu ikiwa bado haijaguswa na mtu, binti kasimama pembeni anapiga kelele, "Nje, mzee wangu, nje, nje!" mpaka mfagiaji akadhani nafukuzwa. Kifundo cha mguu kikavimba. Usiku naota naegemea upande wa kushoto, naamka niko sakafuni.

Mashindano yaliyofuata nikairuka. Nilijua hewani kabisa kwamba ni yenyewe. Mwili mzima ulishtuka kama umeingia nyumba ya watu. Karatasi ilipotoka sikungoja miwani, nikampa binti asome. Akapeleka kidole kwenye mstari wa Lutz, akatabasamu.

"Hongera, mzee wangu. Ile 'e' imeondoka."

Nikafumba macho, nikamshukuru Mungu. Nilipofumbua nikaona bado kidole hakijanyanyuka.

"Na hicho ulichokifunika?"

"Kifaranga."

"Sasa huyo naye namtoaje?"

Akaikunja karatasi taratibu, akanitilia mfukoni. "Mzee wangu, kwa magoti hayo, chagua kimoja."