Kuzuia aldosteroni: nafuu ya moyo na hatari ya potasiamu

Soksi ikivuliwa jioni inaacha alama ya kina juu ya kifundo. Ngazi kumi haziishi bila kupumzika katikati. Mzee mwenye uzito mkubwa huambiwa ni umri, au ni kitambi, kumbe pengine moyo umekakamaa na haulegei vya kutosha kupokea damu.

Aldosteroni ina mkono wake hapo. Homoni hii hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo na huzifanya figo zishikilie chumvi na maji. Ikizidi, huchangia makovu kwenye msuli wa moyo. Mafuta ya mwilini nayo hayajakaa tu: homoni ya leptini inayotoka kwenye seli za mafuta huzichochea tezi hizo zitoe aldosteroni zaidi. Kuizuia, basi, kunaingia akilini.

Mwaka 1999 utafiti wa RALES ulionyesha spironolaktoni, dawa inayozuia aldosteroni, ikipunguza vifo kwa asilimia 30, lakini hao walikuwa watu ambao mioyo yao ilishindwa kusukuma damu. Kwa moyo uliokakamaa, utafiti wa TOPCAT wa 2014, uliojaribu dawa hiyohiyo, haukufikia lengo lake kuu, na baadaye ikabainika kuwa baadhi ya washiriki wa Urusi waliosema wanameza dawa hawakuwa nayo kwenye damu. Mimi nauamini zaidi utafiti wa FINEARTS-HF wa 2024: kati ya watu 6,001, finerenoni, kizuizi kingine cha aldosteroni, ilipunguza kwa asilimia 16 jumla ya vifo vya moyo na matukio ya ugonjwa kuzidi. Vifo peke yake, hata hivyo, havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa.

Upande wa pili unanitia hofu zaidi. Dawa hizi hupandisha potasiamu, ambayo ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo bila kutoa dalili yoyote kabla. Baada ya RALES madaktari walianza kuandika spironolaktoni kwa wingi, na huko Ontario, Kanada, waliolazwa kwa potasiamu kuzidi miongoni mwa wagonjwa wa moyo waliokuwa pia kwenye dawa kama enalaprili, ambazo nazo hupandisha potasiamu, walipanda kutoka 2.4 kwa kila 1,000 mwaka 1994 hadi 11 mwaka 2001. Dawa ilikuwa ileile iliyookoa watu kwenye utafiti. Wengi walikuwa wazee zaidi, na vipimo havikufuatiliwa kwa ukaribu ule.

Kwa hiyo siungi mkono kumpa kila mnene dawa hizi kama kinga. Aliyethibitika kuugua apewe, figo na potasiamu vikipimwa kabla ya kidonge cha kwanza na tena ndani ya wiki chache. Na aulizwe kama anameza ibuprofeni ya maumivu ya magoti, maana nayo inaweza kudhuru figo na kupandisha potasiamu.