Losheni ya jua: nani hasa anaihitaji kila siku?

Ushauri unaozunguka kwenye maduka ya vipodozi ni mmoja: kila mtu apake losheni ya jua kila siku, hata kukiwa na mawingu, hata akishinda ndani. Wanaoupinga nao jibu lao ni fupi: Mwafrika kazaliwa juani, jua limfanye nini?

Tuanze na saratani, maana ndiyo inayotajwa kwanza. Ushahidi mzito ulitoka Nambour, Queensland, nchini Australia. Kuanzia 1992 watu zaidi ya 1,600 waligawanywa makundi: wengine wakapaka kila siku, wengine walipojisikia. Baada ya miaka minne na nusu, uvimbe wa aina moja ya saratani ya ngozi ulikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kwa waliopaka kila siku. Si haba, ila hao walikuwa Waaustralia, wengi wao weupe. Ngozi nyeusi sana ina melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, inayokadiriwa kuzuia UVB, miale ya jua inayounguza ngozi, sawa na losheni ya SPF 13 hivi; SPF ni kipimo cha kinga ya losheni. Tena melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, inapowapata watu weusi, hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, kusikopigwa sana na jua. Ya Bob Marley, aliyefariki 1981, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Kwa hofu ya saratani peke yake, mtu mweusi anafaidika zaidi kwa kuchungulia nyayo zake mara kwa mara kuliko kwa kupaka losheni usoni.

Hapo wapingaji wako sahihi. Wanapokosea ni kwenye madoa. Mabaka yanayotokea mashavuni na kwenye paji wakati wa ujauzito, au kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, na alama nyeusi zinazoachwa na chunusi, hukolezwa na UVA, miale mingine ya jua isiyoonekana, pamoja na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho. UVA hupenya hata kioo cha dirisha. Losheni isiyo na rangi, hata iwe SPF 50, haiuzuii vizuri mwanga huo wa kawaida. Inayoweza ni ile yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma. Bahati nzuri rangi hiyohiyo hufuta ule weupe wa majivu wa zinki na titani, madini yanayotiwa kwenye losheni kuzuia jua, unaofanya wengi waiache chupa wiki ya kwanza. Wa mkorogo yuko pabaya zaidi: anaichubua kinga yake ya asili usiku, asubuhi anainunulia mbadala wa kichupa.

Kipimo ndicho kinachopoteza pesa za watu. SPF hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa uso, masikio na shingo, hicho ni kama kijiko kimoja cha chai. Mwili mzima, vijiko saba. Wengi hupaka robo hadi nusu ya hapo, kwa hiyo SPF 50 waliyoilipia siyo wanayotoka nayo. Kwa kijiko kila asubuhi, chupa ya mililita 50 huisha kwa siku 10. Hesabu hiyo ifanyike dukani. Chupa kubwa ya SPF 30 inayopakwa bila ubahili inakishinda kichupa cha SPF 50 kinachobaniwa, kwani maabara ya kwanza huzuia asilimia 97 ya UVB, ya pili 98. Tafuta pia herufi UVA ndani ya duara, au PA+++, maana SPF inazungumzia UVB zaidi. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, baada ya mafuta ya ngozi na kabla ya poda. Ukiwa juani rudia kila baada ya saa mbili, au mara tu ukishajifuta jasho. Ukiminya chupa iliyoshinda kwenye dashibodi ya gari yakatoka maji kwanza kisha mabonge, itupe.

Anayesahaulika katika ubishi huu wote ni mtu mwenye ualbino. Melanini yake ni kidogo mno au haipo, na saratani ya ngozi inaweza kumpata angali kijana. Kwake hii ni dawa, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mjini Moshi, Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ilianzishwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao hasa.

Lakini hata kwake nguo ndiyo kwanza: shati la mikono mirefu, ambalo ukiliinua kwenye mwanga huoni upande wa pili, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye, akae kivulini. Losheni ni ya pale nguo zisipofika. Kapelo ya shule haitoshi: masikio na kisogo hubaki wazi, na losheni iliyopakwa saa moja asubuhi huwa imeshaisha nguvu kabla ya mapumziko ya saa nne.